Tume ya Panki Halisi

Nchi nitakayowasimulia haionekani kwenye ramani, kwa sababu Wizara ya Ramani bado inabishana juu ya rangi ya kuipaka. Hilo lisiwape shida. Sisi raia wake tunajua ilipo, maana kila asubuhi tunaamka tukiwa ndani yake.

Ilikuwa nchi tulivu mpaka Mlezi Mkuu aliposafiri. Mlezi Mkuu ndicho cheo cha kiongozi wetu. Jina lake halisi limehifadhiwa mahali pakavu. Alialikwa ng'ambo kutazama kiwanda cha matrekta. Akatazamishwa matrekta mpaka akasinzia, na alipozinduka akaona, kupitia dirishani, vijana wamejaa barabarani. Nywele zao zilisimama kama kishungi cha jogoo, nguo zilikuwa zimechanika, na masikioni walikuwa wametunga pini za kufungia nepi. Walikuwa wanacharaza magitaa na kupayuka. Polisi wawili walikuwa kando yao wanakunywa chai.

"Hao wameibiwa?" Mlezi Mkuu aliwauliza wenyeji wake.

"Hapana, Mheshimiwa. Hao wanapiga panki. Wanatutukana sisi serikali."

"Na nyinyi mnanyamaza?"

"Tunajivunia. Serikali imara hutukanwa hadharani na haianguki. Ile isiyo imara ndiyo haitukanwi."

Mlezi Mkuu alirudi nyumbani na huzuni kubwa. Aliposhuka kwenye ndege alisema, "Ndugu wananchi, nimetoka kuona aibu. Tangu tupate uhuru nchi hii haijatukanwa hadharani kwa gitaa hata mara moja. Wageni watatuonaje? Nataka panki, na iwe tayari kwa Sikukuu ya Mlezi." Kwaya iliyoletwa uwanjani kumsifu ilinyamaza katikati ya ubeti, kwa sababu hakuna aliyejua kama kusifu bado kunaruhusiwa. Mwenye sauti ya nne, mtu mwepesi wa kuelewa, alipaza sauti peke yake: "Mlezi ana miguu mifupi." Leo ni balozi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Tume ya Taifa ya Panki Halisi. Sheria yetu inataka kila tume iwe na mzee mmoja wa kutikisa kichwa kukubali, na nikateuliwa mimi, Ndimbo, kwa kuwa nina shingo nzuri na pia nimesoma. Nilisoma jioni, baada ya kazi, katika madarasa ya watu wazima, na sioni haya kusema kwamba cheti changu kipo ukutani mpaka leo, nami hukifuta vumbi mwenyewe.

Mwenyekiti wetu alikuwa Profesa Shilungwa, ambaye shahada yake ya uzamivu ilihusu uhifadhi wa mahindi. Katika kikao cha kwanza alituonyesha kwa michoro kwamba panki na mahindi huharibiwa na kitu kimoja, unyevunyevu. Kisha akagusia suala zito. Vitabu vya ng'ambo vinasema panki hupigwa kwa mishiko mitatu tu ya vidole kwenye gitaa. Profesa aliona hiyo ni dharau kwa nchi inayoendelea. Akapendekeza tuanze na mitatu, na kufikia mwisho wa mpango wa maendeleo tuwe na minane, mmoja ukiwa wa akiba.

Ndipo tukaulizana kila mtu anapenda bendi gani kati ya zinazopigia vichochoroni kwetu. Profesa alisema anaipenda bendi iitwayo Msumari wa Moto, kwa sababu wimbo wao mmoja una kiitikio kizuri.

"Kiitikio kizuri," alirudia mtu mmoja aliyekaa pembeni, akacheka kwa pua.

Huyo alikuwa Afande Chilongola wa Usalama. Kila tume ina mmoja, na kwa kawaida hasemi.

"Afande, una neno?" Profesa aliuliza.

"Sina, Profesa. Kama unaona Msumari wa Moto ni panki, mimi ni nani hata nibishe. Wengine husema hata maandazi ni mkate."

"Basi tuambie wewe. Fukuto je? Wizara ya Utamaduni inawasifu sana Fukuto."

"Fukuto ya lini?"

"Kwani ziko ngapi?"

Afande alituangalia kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. "Fukuto ya mwanzo, kabla hawajanunua kipaza sauti, ile ilikuwa panki. Walipokinunua tukaanza kusikia maneno. Panki ikisikika maneno inakuwa hotuba. Mimi nilikuwepo tangu siku walipoanza."

"Ulikuwepo wapi?"

"Chini ya dirisha. Nilikuwa kazini."

Tukagundua hapo kwamba Afande Chilongola ndiye mtu pekee katika nchi yetu aliyezisikia bendi zote. Alikuwa amezivizia kwa miaka mingi kupitia kuta, matundu ya choo na mapipa, kwa lengo la kuzikamata, na kila mara alikuwa anaahirisha kukamata mpaka wamalize wimbo. Kwa maoni yake bendi zote ziliharibika siku ambayo mtu wa pili alianza kuzipenda. Imebaki moja tu, alisema, inayoitwa Makapi, ila hatatuambia inapigia wapi, kwa sababu sisi tutakwenda.

Tukatikisa vichwa. Mimi niliongoza.

Kanuni zilipotoka, nchi ilichangamka kuliko wakati wowote nikumbukao. Panki Halisi, kanuni zilisema, ni ile inayoitukana serikali, na ili raia wasihangaike kutafuta matusi, serikali iliyaandaa yenyewe, yakahaririwa na kupigwa mhuri. Nguo za panki zilichanwa na mafundi waliothibitishwa, tundu la goti likiwa na upana unaokubalika. Aliyechanikiwa na nguo kwa bahati mbaya alitakiwa aripoti kituoni. Kuhusu nywele, mwenye upara alipewa msamaha.

Kila wizara ikaunda bendi yake. Wizara ya Mifugo ilikuwa na Kwato, Hazina ilikuwa na Mifuko Mitupu, na Idara ya Magereza ilikuwa na bendi nzuri sana ambayo wanachama wake hawakuchelewa mazoezini hata siku moja. Lakini jambo ambalo Tume haikulitarajia ni kwamba wakubwa wangeonja matusi na kuyapenda. Waziri wa Maji alitukanwa katika nyimbo tatu mfululizo, na tangu hapo alitembea kifua mbele, akiwaambia watu, "Mmesikia walivyoniita? Mbwa koko. Na bado." Naibu wake, ambaye hakutajwa hata kwa herufi, alikonda. Mke wa mkuu wa mkoa mmoja alikuja ofisini kwetu na kanga ya kulilia.

"Mume wangu ana kosa gani?" alituuliza. "Amekula hela za barabara kama wenzake. Kwa nini yeye haimbwi?"

Profesa alimfariji na kumwahidi nusu ubeti.

Sasa nifike kwa Makapi, maana wao ndio hasa waliotutoa jasho. Siku Afande aliponyimwa likizo alikasirika, maneno yakamtoka, akataja mahali. Walikuwa wanapigia kwenye banda la mashine ya kusaga, mtaa wa Ghala Bovu, nyakati za jioni mashine ikishazimwa. Walikuwa watatu. Mwimbaji aliitwa Siwatu, binti mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mpiga gitaa aliitwa Kitwana, mwendesha mashine ya kusaga, mweupe kwa unga hadi kope. Ngoma zilipigwa na Bi Nyamizi, bibi yake Siwatu, mwanamke wa rika langu aliyepiga ngoma za harusi ujanani mwake mpaka maharusi wakaanza kumwogopa. Ngoma zake zilikuwa pipa moja, ngoma mbili za ngozi alizorithi kwa mama yake, na mfuniko wa sufuria uliotundikwa kwa kamba.

Tuliwaita mbele ya Tume wathibitishwe. Bendi nyingine zote zilikuja kwetu zikiapa kwamba ni halisi. Siwatu alikuja kuapa kwamba si halisi.

"Waheshimiwa, sisi si panki," alisema. "Sisi tunapiga kelele tu tukishamaliza kazi. Tuacheni."

"Mna wimbo gani?" Profesa aliuliza.

"Mmoja tu wa maana. Unaitwa Bomba Linakohoa."

"Unamtukana nani?"

"Haumtukani mtu. Bomba la mtaani kwetu halitoi maji, linakohoa. Tumeimba linavyokohoa."

Profesa akafurahi. Hakuna tusi, hakuna panki. Alikuwa ameshainua mhuri wa kuwafukuza, na Siwatu ameshaanza kutabasamu, pale Afande Chilongola aliposimama.

"Msikosee," alisema. "Nimewasikiliza hawa nikiwa nimelala juu ya pumba, panya wananipita mgongoni, na sikuhama. Yule bibi akipiga pipa lile, meno ya nyuma yanacheza. Kama hawa si panki, basi panki haipo duniani, na mimi nimeupoteza ujana wangu chini ya madirisha."

"Afande, nyamaza," Siwatu alimwambia. "Unatuua."

"Siwezi, binti yangu. Ni kweli tupu."

Alilia, na Tume ikaguswa. Makapi wakatangazwa kuwa Panki Halisi ya Taifa. Na katika nchi yetu kitu kikishathibitishwa kuwa halisi huwekwa nyuma ya kioo, kisichakae. Ndivyo tulivyofanya kwa mkate halisi, na kwa uchaguzi. Ikaamriwa kwamba Makapi watapiga mbele ya Mlezi Mkuu siku ya Sikukuu, na wakishamaliza, gitaa, pipa na zile ngoma mbili vitapelekwa Makumbusho ya Panki vikae huko milele.

Bi Nyamizi aliuliza, "Na mimi nitapiga nini?"

"Wewe, mama," Profesa alimjibu kwa upole, "utakuwa historia."

Bibi aliinuka. Kisha akamwambia mjukuu wake waende, unga wa mchana ulikuwa haujachekechwa.

Sikukuu ilifika. Uwanja ulijaa, upande wa kivuli wakubwa na upande wa jua wananchi. Risala ilisomwa. Itifaki ilizingatiwa, ikatajwa kwamba imezingatiwa, kisha ikapigiwa makofi. Bendi za wizara zikapanda moja baada ya nyingine na kutukana kwa kufuata vyeo, kuanzia makatibu kwenda juu, ili mkubwa asitukanwe kabla ya mdogo. Kila aliyetukanwa alisimama, akainama kidogo, akapunga mkono. Mlezi Mkuu aliachiwa tusi la mwisho, nono kuliko yote, alilolichagua mwenyewe, naye alilipokea akiwa ameweka mkono kifuani.

Ndipo wakaitwa Makapi. Na hapa sina budi nieleze sheria moja. Katika nchi yetu Mlezi Mkuu ni mkubwa kwa umri kuliko kila raia. Umri wake si suala la miaka, ni cheo. Kwa hiyo kila mtu humwamkia yeye shikamoo, hata vikongwe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu alipozaliwa, na kila nikikutana naye humwamkia, naye hunijibu, "Marahaba, kijana." Sheria ni sheria.

Siwatu alishika kipaza sauti. Kitwana alikaa tayari na gitaa lake, unga umemjaa mabegani. Bi Nyamizi akainua fimbo zake mbili juu, akazishikilia hapo, asizishushe.

Tukangoja.

"Bibi, piga," Siwatu alinong'ona, na vipaza sauti vikanong'ona uwanja mzima.

"Sijaamkiwa," Bi Nyamizi alisema.

"Na nani?"

"Na yule kijana pale kwenye kiti kikubwa. Tangu nimekuja ananitazama tu. Kwao hawaamkiani?"

Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi kwa pamoja. Upande wa jua mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Profesa Shilungwa alipanda jukwaani mbio, kiatu kimoja kikabaki ngazini.

"Mama, huyo ni Mlezi," alisema.

"Najua ni mlezi. Yeye alilelewa na nani?"

"Mama, tafadhali. Piga kwanza, mtaamkiana baadaye."

"Sipigii ngoma mtoto asiyeniamkia. Kwenye harusi sikufanya hivyo, hapa nianze?" Fimbo zake hazikushuka. "Sina haraka, baba. Nimeshakuwa historia."

Sasa nitasema nilichokiona kwa macho yangu, maana nilikaa karibu. Mlezi Mkuu alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na kanuni. Tulikuwa tumeandaa kila tusi, ila hatukuandaa hilo. Nikaona shingo yake inalegea, mabega yanashuka, na uso wake ukawa uso wa mtoto aliyeitwa sebuleni wageni wakiwa wamekaa. Mama yake alikuwa amemlea vizuri, hilo halina ubishi. Mdomo ulitangulia, mwenyewe akafuata. Na mbele yake kulikuwa na kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili ya hotuba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Pipa likalia mara moja. Meno yangu ya nyuma, yaliyobaki, yakacheza.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Pipa, ngoma, pipa. Kitwana akaingiza mishiko yake mitatu, mibaya kabisa, mitamu kabisa.

"Watoto wamekunywa chai?"

"Wamekunywa."

"Maji mmepata wapi?"

"Bombani, mama," Mlezi Mkuu alijibu, kwa sababu ukishaanza kuamkiana huwezi kukatisha njiani.

"Yanatoka?"

"Yanatoka."

"Letu linakohoa tu, mwanangu."

Hapo Siwatu akapasua. "Linakohoa," alipiga ukelele, na upande wa jua wote ukamwitikia, linakohoa, na mfuniko wa sufuria ukapasuka vipande viwili, na watu wakaruka ruka mahali walipo, wazee, wanafunzi, wauza karanga na sinia zao. Walinzi walipokea amri ya kuzuia, wakazuia kwa kuruka pamoja nao. Waziri wa Maji alisimama na kuinama kama alivyozoea, akasubiri tusi lake, akasubiri tena. Halikuja. Hakuna aliyemtaja. Akabaki amesimama peke yake katikati ya furaha ile, mtu asiyetukanwa, na nilimwona anatafuta pa kukaa.

Jua lilipozama, vyombo vya Makapi vilichukuliwa na askari na kufungiwa stoo ya Tume, hadi itakapoamuliwa kilichotokea kilikuwa nini.

Tulikaa kuamua. Kama ilikuwa panki, vyombo viende Makumbusho. Kama haikuwa panki, virudishwe kwa wenyewe. Profesa, ambaye ni mtu wa haki akiwa hana njia nyingine, alikiri kwamba kwa mujibu wa kanuni haikuwa panki, kwa kuwa hakuna aliyetukanwa. Zilikuwa salamu tu.

"Basi andika hivyo," Afande alisema.

"Siwezi kuandika hivyo. Nikiandika zilikuwa salamu, nimeandika kwamba Mlezi Mkuu alimwamkia mkubwa wake. Nikiandika ana mkubwa wake, nimevunja sheria ya umri."

"Andika zilikuwa tusi."

"Nani alimtukana nani? 'Hujambo' ni tusi?"

Mbele ya mlango wetu Siwatu na Bi Nyamizi walikuwa wamekaa kwenye mkeka tangu tulipofungua ofisi. Hawakupiga kelele. Bibi alikuwa anapigapiga vidole vyake kwenye goti, na nilipopita kwenda kunywa maji nilimwona anavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Ndimbo," aliniita, kwa sababu tunafahamiana kwa sura. "Hukumu imekuwaje?"

"Tunatikisa vichwa, Bi Nyamizi."

"Tikiseni," alisema. "Mna shingo nzuri."

Niliporudi ndani nilikaa vibaya. Kwa mara ya kwanza shingo yangu iliniuma.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Mlezi Mkuu mwenyewe, kuja kusikia tulichoamua, walinzi nyuma yake. Wajumbe wote walisimama kwa pamoja na kusema shikamoo. Afande alisema. Profesa aliisema mara mbili.

Mimi nilibaki nimekaa. Niliweka mikono yangu juu ya magoti na kumtazama, kwa heshima zote, kama mtu anayesubiri kitu anachostahili. Profesa alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikauvuta mguu wangu pembeni, nikaendelea kusubiri. Kikao chetu hakikuwa na ajenda nyingine.

Mlezi Mkuu alikohoa. Alitazama mlangoni, ambako mkeka ulikuwa unaonekana, na vidole vile vikipigapiga. Kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Na ngoma za Bi Nyamizi nazo hazijambo?"

Mlezi Mkuu alimtazama Profesa. Profesa akamtazama Afande Chilongola. Lakini kiti cha Afande kilikuwa kitupu, na kutoka upande wa stoo tukasikia pipa zito likibingirishwa kwa haraka kuelekea mlango wa nje, upande wa mkeka.